Ubao wa Mkonge na Madumu: Kutoka Hale hadi Amu

Ukishaikata kona ya Segera na kushika barabara ya Tanga, mkonge unakupokea pande zote mbili: mistari iliyonyooka, majani yenye miiba nchani, na hapa na pale mlingoti uliochomoza juu kuonyesha kwamba mmea huo umemaliza kazi yake na unangoja kung'olewa. Ndani ya basi joto lilikuwa limeshapamba moto. Chini ya kiti cha mbele yangu mama mmoja alikuwa amefunga madumu matupu ya mafuta ya kupikia kwa kamba ya katani, akiyapeleka kuyauza Tanga mjini.

Nami nilikuwa naelekea kwenye karakana inayovichanganya vitu hivyo viwili, mkonge na madumu, na kuvigandamiza kuwa mbao za kujengea. Wenye karakana walikuwa na sampuli za kumpelekea fundi mmoja wa Lamu. Niliomba niandamane nazo, lakini nianzie mwanzo kabisa, Hale, jani linapotoka shambani.

Mkonge wenyewe ni mgeni katika nchi hii. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanyia kazi kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Hamburg ikiwa hai ilikuwa 200. Iliyofika Tanga ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo michache, iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kwa maelfu kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1964 nchi ilitoa takribani tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge.

Kisha ikaja polipropilini. Plastiki hii ilianza kutengenezwa miaka ya 1950, na haikuchukua muda viwanda vya Ulaya na Marekani vikaanza kusokota kamba za kufungia nyasi kavu mashambani kwa plastiki badala ya katani. Kamba ya plastiki ilikuwa nyepesi, haiozi, na bei yake ilikuwa ya chini. Kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 na usimamizi uliofuata kuliongeza mzigo, lakini wanunuzi walikuwa wameshaanza kuhama. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi karibu tani 20,000 kwa mwaka, na uongozi wa soko ukawa wa Brazil. Mzee wa Tanga akikwambia plastiki ndiyo iliyoua mkonge, hajatia chumvi nyingi. Sasa katika karakana ile polipropilini hiyohiyo inatafuta singa ili isimame imara, na mahasimu hawa wawili wanalala kalibu moja.

Mtambo wa kuchakata mkonge wa shamba nililotembelea, uitwao korona, unasikika kabla haujaonekana. Majani yanafika kwa trekta yakiwa yamefungwa mafungu, yanalazwa kwenye mkanda, na mashine inayaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagika mfululizo kuondoa nyama ya jani. Upande wa pili zinatoka singa mbichi, rangi ya kijani iliyofifia, zenye harufu ya uchachu inayoshika nguo. Wafanyakazi waliovaa buti za mpira wanazibeba mabegani hadi uwanja wa kuanikia na kuzitandaza kwenye waya. Jua likizipata vizuri, zinabadilika na kuwa nyeupe ya malai.

Kwa uzito, singa ni kama asilimia 4 tu ya jani. Kinachobaki ni maji na makapi ya kijani. Hapo Hale, katika miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kwa kutumia makapi hayo, lakini katika korona nyingi bado yanasukumwa nje na maji na kuachwa yaoze. Mmea mmoja hutoa majani kati ya 200 na 250 katika maisha yake, na ndani ya kila jani mna nyuzi kama 1,000. Ukisimama karibu na lile rundo la makapi ndipo unapoelewa kwa nini mtu wa mkonge hapendi kuona hata singa fupi ikipotea.

Na singa fupi ndizo zilizonileta. Katika banda la brashi, ambako singa kavu hupitishwa kwenye ngoma inayozunguka ili zisafike na kunyooka, hewa yote ni vumbi la rangi ya nyasi. Sakafuni zinadondoka nyuzi zilizokatika.

"Ndefu zina wenyewe, mwandishi," aliniambia msimamizi akifuta macho kwa mkono wa shati. "Zinapimwa, zinafungwa marobota, zinakwenda bandarini. Hizi za chini ndizo wanazozifuata watu wako wa mbao."

Hawazifuati peke yao. Watengeneza magodoro na masofa wanazijua, na mafundi wa jipsamu hununua katani kwa ajili ya kuimarisha dari na mikanda yake. Yeyote aliyewahi kuona kipande cha dari ya jipsamu kilichovunjika, kikaning'inia kwa nyuzi zake badala ya kuanguka, ameshaona kazi ambayo singa hufanya ndani ya kitu kigumu: ufa unapoanza, uzi unaushika usiende mbali.

Tanga mjini, plastiki inaanzia kwenye yadi ya makopo pembezoni mwa mji. Waokotaji huja asubuhi na viroba vyao, vinapimwa, wanalipwa, wanaondoka. Kazi ya kuchambua ni ya wanawake, na anayewaongoza ni mama mmoja wa makamo ambaye wenzake wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwita Bibi. Hana mashine ya kutambua plastiki. Anaishika, anaikunja, anasikiliza inavyolia, anakwangua kwa ukucha, kisha anarusha: madumu ya mafuta rundo moja, ndoo na beseni na viti vilivyovunjika rundo la pili, vizibo rundo la tatu, salfeti za sukari la nne. Chupa za maji ya kunywa, ambazo ndizo nyingi kuliko vyote, zinatupwa upande wa pili wa uzio.

"Mbona hizo zinatengwa, Bibi, na ndizo zimejaa mitaani?"

"Zimejaa ndiyo, mwanangu, ila haziivi na mkonge. Mpaka chupa iyeyuke, mkonge umeshaungua."

Sentensi hiyo moja ina sayansi yote ya ubao huu. Chupa ya maji ni plastiki ya PET, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 250 za Selsiasi. Uzi wa mmea, wa aina yoyote, huanza kubadilika rangi na kupoteza nguvu ukikaribia nyuzi 200. Dumu, ambalo ni plastiki ya HDPE, huyeyuka kwenye nyuzi kama 130. Ndoo na viti, ambavyo vingi ni polipropilini, kwenye nyuzi kama 165. Kati ya 165 na 200 ndiyo nafasi aliyonayo fundi. Akipungukiwa, plastiki haijalainika vya kutosha kuzizunguka nyuzi. Akizidisha, banda zima linanuka moshi wa nyasi na ubao unatoka na rangi ya kahawa.

Kwa vipande ambavyo hata Bibi anavitilia shaka, kuna pipa la maji. Plastiki inasagwa, inamwagwa ndani, inakorogwa. HDPE na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, zinaelea. PET na PVC ni nzito, zinazama. PVC, ile ya mabomba na ya vipande vya dari vya plastiki, ndiyo inayoogopwa zaidi: ikipata joto kali hutoa hewa ya asidi inayounguza koo na kula vyuma vya mashine. Nilimwona Bibi akimrudisha kijana aliyekuwa ameshabeba kiroba kuelekea kwenye gari. Aliingiza mkono ndani, akatoa kipande cha bomba la kijivu kisichozidi kidole, akamwonyesha bila kusema neno, na kiroba kizima kikarudi pipani.

Baada ya hapo madumu yanaoshwa kwa maji ya sabuni, kwa kuwa mafuta ya kupikia yaliyobaki ndani huzuia plastiki kushikana na uzi.

Karakana yenyewe ni banda la bati lenye vitu vitatu vya maana: tanuri la kukaushia, bomba la chuma lenye skrubu ndefu inayozunguka ndani ya joto, na presi iliyoundwa kwa jeki la lori. Anayeiendesha ni kijana wa miaka ya ishirini na kitu, ambaye mezani pake kuna mizani ya jikoni na daftari la hesabu. Kabla hajagusa mashine alipima kishungi cha singa, akakiweka tanurini, akakipima tena baadaye. Uzito ulikuwa umepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Singa iliyoonekana kavu kabisa ilikuwa imebeba maji ya hewa ya pwani.

Alinionyesha kwa nini anahangaika na hilo. Kutoka rafuni alichukua ubao uliotengenezwa kwa singa ambazo hazikupita tanurini, akaupasua kwa patasi. Ndani ulikuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Maji yaliyokuwa kwenye nyuzi yaligeuka mvuke ndani ya plastiki laini, yakakosa pa kutokea. Ubao wa namna hiyo ukitiwa skrubu, unaachia.

Singa zilizokauka hukatwa hadi urefu wa sentimita moja au mbili na kuchanganywa na chenga za plastiki, sehemu tatu za mkonge kwa saba za plastiki kwa uzito. Hapo kuna ugomvi mwingine wa kusuluhisha. Uzi wa mmea unapenda maji na plastiki inayakataa, kwa hiyo hata vikichanganywa vizuri havishikani kwa hiari. Viwanda vikubwa huongeza kiunganishi maalumu, polipropilini iliyopachikwa kemikali inayoshika uzi kwa upande mmoja na plastiki kwa upande wa pili. Kijana huyu, kabla ya kukausha singa, huziloweka kwenye maji yenye kostiki kidogo, kisha huzisuuza. Kostiki huondoa nta na uchafu na kuufanya uso wa uzi uwe na mikwaruzo ambayo plastiki inaweza kuikamata. Ikizidi, inaula uzi wenyewe.

Mchanganyiko unatoka kwenye bomba ukiwa mzito na wa moto, unasawazishwa ndani ya kalibu kwa mwiko, presi inashuka. Kisha inabaki kazi ambayo macho yangu yalidhani si kazi: kungoja. Ubao hupoa ukiwa bado umegandamizwa. "Ukiutoa na moto wake, unajikunja pembe," alisema kijana, "na ukishajikunja hauna dawa, ni kuusaga upya."

Wazo la kuoanisha uzi wa mmea na plastiki ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ujerumani Mashariki, ileile iliyosaidia kujenga magorofa ya Michenzani kule Zanzibar, ilitengeneza gari la Trabant kuanzia 1957, na bodi yake ilikuwa ya mabaki ya pamba yaliyogandamizwa kwa gundi ya plastiki. Yalitoka magari zaidi ya milioni 3. Tanzania nayo ilijaribu njia yake: katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa hapa na wa Sweden walichunguza vigae na mabati ya saruji yaliyotiwa singa. Mwanzoni yalikuwa imara. Baada ya muda yalianza kuvunjika kirahisi, kwa sababu saruji ina ukali unaofanana na wa kostiki na polepole ulikuwa ukizila nyuzi ndani kwa ndani. Plastiki haina ukali huo. Inaufunika uzi, inauzuia usinywe maji, na mchwa hapati pa kuanzia.

Uzi nao unailipa plastiki fadhila. Kila aliyewahi kupanga vitabu kwenye rafu ya plastiki anajua inavyopinda katikati kadiri miezi inavyokwenda. HDPE ikibebeshwa mzigo hulegea polepole, na joto huharakisha. Singa ina ukinzani wa kunyumbuka mara kumi hivi ya HDPE, na zikitawanyika vizuri ndani yake huizuia isilegee haraka. Kisha kuna suala la kurefuka. Ubao wa HDPE mtupu wenye urefu wa mita 2.4, jua likipandisha joto lake kwa nyuzi 30, hurefuka kwa karibu sentimita moja. Ukiubana kwa misumari kama unavyobana mbao ya mninga, utavimba au utang'oa misumari. Singa hupunguza kurefuka huko, ingawa haikuondoi. Kwa hiyo tundu la skrubu hutobolewa pana kuliko skrubu, na kati ya ubao na ubao huachwa nafasi.

Moto ndio unaowanyima usingizi wenye karakana. Mwezi Juni 2017 watu 72 walikufa London katika jengo la Grenfell Tower, ambalo kuta zake za nje zilikuwa zimevishwa paneli za alumini zenye polietilini katikati. Polietilini ndiyo familia ya dumu. Nyuma ya karakana kijana alichoma kona ya kipande cha ubao ili nione: ulishika moto bila papara, kisha ukaanza kudondosha matone yanayowaka. Kuna unga wa madini, alumini haidroksaidi, ambao hutoa maji ukipata joto na kupunguza mwako, lakini unaongeza uzito na gharama. Kwa sasa karakana imeweka sharti: haiuzi ubao kwa ajili ya dari ya jikoni, wala kuta za mabweni, wala ukuta wa nje wa ghorofa. Inauza milango ya vyoo vya nje, uzio, mabenchi, mbao za kumwagia zege na vizuizi vya ndani vya maduka. Orodha ni fupi, na kijana hakujaribu kunirefushia.

Mimi na kijana wa karakana tulivuka mpaka Horohoro, sampuli zikiwa zimefungwa kwa kamba ya katani juu ya gari. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania ilifuata Juni 2019, rambo zikatoweka sokoni. Zanzibar ilikuwa imeshawatangulia wote tangu 2006. Abiria wa njia hii wamezoea kukaguliwa. Afisa aliyetazama mzigo wetu hakuona mfuko wa kukamata, lakini alikwama kwenye fomu.

"Hizi ni mbao au plastiki?"

"Ni vyote viwili, afande."

"Chagua kimoja."

Mwishowe iliandikwa sampuli, tukapita.

Upande wa Kenya biashara ya plastiki ya kujengea ina majina yanayojulikana. EcoPost, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2009 na Lorna Rutto, hutengeneza nguzo za uzio kwa plastiki iliyotumika, kazi ambayo zamani ilikuwa ya miti. Nzambi Matee wa Gjenge Makers, aliyetunukiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020, huchanganya plastiki na mchanga kupata matofali ya kutandaza njiani. Mchanga unafaa kwa kitu kinachokanyagwa, maana unavumilia kukandamizwa. Ubao unaopinda unahitaji kitu kinachovuta, na hapo ndipo uzi unapoingia.

Mjadala wa uzi gani uliendelea ndani ya gari kutoka Mombasa hadi Kilifi, minazi ikipita dirishani. Kwa nini kung'ang'ania mkonge, na pwani nzima imejaa makumbi? Wanawake wa Paje na Jambiani kule Unguja hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, huyafukua, huyapondaponda na kusokota kamba ambazo maji ya chumvi hayazifanyi kitu. Siri ni lignini, kile kinachoupa mti ugumu wake. Usumba, yaani nyuzi za makumbi, una lignini nyingi mno kuliko singa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Wageningen, Uholanzi, walionyesha kwamba makumbi yaliyosagwa na kugandamizwa kwa joto hutoa ubao mgumu bila gundi yoyote, kwa kuwa lignini yake yenyewe hulainika na kugandisha. Kijana wa Tanga aliyajua hayo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: usumba hauozi upesi lakini unavutika, singa ina nguvu zaidi, na korona iko jirani yake.

Baada ya Malindi, barabara inavuka Sabaki, inafika Garsen na mto Tana, kisha Witu, na vizuizi vya ukaguzi vinaongezeka. Mokowe gari linabaki. Mzigo unashushwa boti, na ukifika Amu, yaani mji wa Lamu, unapandishwa punda, kwa maana vichochoro vya mji wa kale havipitishi kitu kingine. Mchanga, chokaa, mawe ya matumbawe na saruji, vyote hupanda punda.

Hapo nilielewa kwa nini karakana ilitengeneza sampuli ndogo. Ubao huu una uzito unaokaribiana na wa maji. Karatasi kamili ya sentimita 122 kwa 244, unene wa milimita 18, ingekaribia kilo 54, wakati plaiwudi ya kipimo hichohicho ni nyepesi sana kuliko hapo. Sampuli zetu zilikuwa sentimita 60 kwa 120, kilo 13 kila moja. Mwenye punda alizipanga mbili mbili kila ubavu, akaziangalia zinavyokaa, akasema zinafaa.

Lamu si mahali pa kuwafundisha watu plastiki. Dau la Flipflopi lilijengwa hapa na Ali Skanda na mafundi wenzake kwa plastiki iliyokusanywa, likavishwa kandambili zipatazo 30,000 zilizookotwa ufukweni na mjini. Mapema 2019 lilisafiri hadi Zanzibar, masafa ya kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 lilikwenda kuzunguka Ziwa Victoria. Mafundi waliokuwa wakichonga mbao za majahazi walizichonga za plastiki kwa misumeno na randa walizozizoea. Kwa hiyo fundi aliyetupokea hakushangazwa na nyenzo. Alichotaka kujua ni itakavyofanya kazi chini ya mzigo.

Ana sababu. Nyumba za mawe za Amu zina vyumba virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mita tatu kasoro. Serikali ya Kenya ilipozuia ukataji miti mwaka 2018, boriti nazo zikaguswa, na mafundi wakapata funzo la kuishi bila nyenzo waliyoirithi. Mzee huyu alishaletewa wengi wenye bidhaa mbadala. Anawapokea wote kwa kahawa na tangawizi, halafu anazitesa bidhaa zao.

Jaribio lake halikuhitaji maabara. Kijana alikuwa amebeba pia kipande cha HDPE tupu cha kipimo hichohicho, bila singa. Mzee alivilaza vyote viwili juu ya mawe, akavuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, akaweka jiwe la tumbawe katikati ya kila kimoja, akaviacha juani darini. Kesho yake asubuhi alipima kwa kidole kati ya uzi na ubao. Chini ya HDPE tupu kidole kiliingia chote. Chini ya ule wa singa iliingia ncha ya ukucha. Mzee aliguna.

Kisha alipiga msumeno. Vumbi lililodondoka lilikuwa la plastiki, jepesi, na upepo wa kusi ulianza kulisukuma kuelekea baharini. Alisimama papo hapo, akamwagiza mwanafunzi wake alete gunia la kutandika chini, na vumbi lote likarudishwa kwa kijana wa Tanga aende akaliyeyushe tena. Hilo, alisema, liandikwe kwenye maelekezo ya mnunuzi, maana visiwani hakuna fundi anayekata mbao ndani ya nyumba.

Majadiliano yaliyofuata yalikuwa ya bei na rangi, na rangi ndiyo iliyochukua muda. Karakana hutia masizi kwenye ubao wa nje, kwa sababu masizi huzuia mwanga wa jua usiivunjevunje plastiki. Ndiyo sababu matangi mengi ya maji yaliyoko juu ya mapaa ni meusi. Mzee alisema hakuna mama wa Amu atakayekubali mlango mweusi chooni kwake. Kijana akasema mweupe bila masizi utapauka na kuwa dhaifu. Walikubaliana mweusi kwa nje, rangi ya malai kwa ndani, na kwamba hata mmoja usipachikwe upande wa mtaani wa nyumba ya mawe, kwa kuwa mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na mzee hataki kesi.

Oda haikutoka siku hiyo. Mzee alichagua vipande viwili, kimoja cha kufunga mlango wa choo cha uani na kingine cha kuacha juani darini, akapiga skrubu za bawaba kwenye matundu yaliyopanuliwa, akafungua na kufunga mara nyingi. Alimtaka kijana aandike daftarini: unene upandishwe hadi milimita 25 kwa milango, upana usizidi sentimita 60 kwa ajili ya punda, na bei itajwe ikiwa imeshajumlisha boti ya kutoka Mokowe. "Masika ikipita nitakupigia, mwanangu," alimwambia. "Ukiwa haujajikunja, niletee ya milango kumi. Ukijikunja, utakuja kuuchukua kwa nauli yako."